Toka Wewe Antena!

Wadau, hii stori nimekaa nayo muda kwa sababu wahusika wote wako hai na mmoja wao ni kaka wa mke wangu, lakini juzi mwenyewe kaisimulia kwenye harusi ya watu, tena kaipamba mpaka yeye ndo kawa shujaa, sasa nimeona niiweke sawa kabla haijafika Kigoma ikiwa imeharibika kabisa.

Sisi tupo Adelaide, kusini mwa Australia. Shemeji alinunua Land Cruiser, ile mkonga, imechoka kidogo ila dizeli yake inaunguruma vizuri, na tangu siku aliyoileta hatukupumua. Kila wikiendi anakuja na ramani anaitandaza mezani juu ya chakula cha watu. Anataka twende Oodnadatta Track, barabara ya vumbi ya kilomita 620 hivi kutoka Marree mpaka Marla, huko ndani kabisa, ambako ukiharibikiwa simu haishiki mnara, nyumba hakuna, unakaa unamsubiri mpita njia huku ngamia wanakuangalia. Ndiyo, ngamia. Waliletwa karne ya 19 kubeba mizigo, magari yalivyokuja wakaachiwa porini wakazaana, sasa wamejaa tele.

Mke wangu akamwambia kaka ake, si ununue tu simu ya setilaiti yaishe?

Shemeji akacheka kile kicheko cha kumhurumia mtu. "Dada, simu ya setilaiti unaongea na mtu mmoja. Simu ya upepo, yaani redio ya masafa marefu ya kufunga kwenye gari, unaongea na nchi nzima." Hayo maneno yawekeni hapo pembeni, mtayahitaji baadae.

Halafu akatoa noti ya dola 20 mfukoni. "Huyu mzee hapa unamjua? John Flynn. Mwaka 1928 ndo alianzisha ile huduma ya madaktari wanaokuja na ndege huko porini. Na redio za kuwaitia aliziunda fundi wa hapahapa Adelaide, Alfred Traeger, mwaka 1929, unakanyaga pedali umeme unatoka. Watu wamekanyaga pedali wakapata daktari, we unaniambia setilaiti!" Mke wangu akaiangalia ile noti vizuri, akaichukua, akasema asante kwa somo hii ni ya maziwa ya watoto. Haijarudi mpaka leo.

Sasa Shemeji jeuri yake yote inatoka Kasulu. Zamani alikuwa dereva wa shirika moja la wakimbizi kule, na kama umeishi Kigoma unayajua yale magari meupe, bampa ya mbele imesimamishwa antena ndefu limevutwa na kamba mpaka kwenye keria, likipita kijijini watoto wote barabarani. Kwa hiyo kwenye mambo ya antena Shemeji hashauriki, yeye "antena zote zile nilikuwa nafunga mwenyewe". Bahati mbaya safari yetu alikuwepo na Papa Shemasi, Mkongo wetu wa kanisani, mzee wa Bukavu aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa huku, na Papa Shemasi alikuwa anayaona magari yale kila siku. "Madereva mimi niliwaona," akasema, "ile walikuwa nafunga ni kamba tu. Antena ilifungwaka na fundi."

Ugomvi wa wale watu wawili ulianzia hapo, na haujaisha.

Redio ilipatikana kwa mzee mmoja mzungu mstaafu aliyekuwa anauza vitu vyake vya safari. Ya mitumba lakini safi, wati 100, pamoja na antena yake na mwongozo kautunza kwenye mfuko wa plastiki. Antena yenyewe sasa, nikaishika nikasema mbona nzito, chini nene kama mchi wa kinu halafu juu unachomeka ufito mrefu mwembamba unaoyumba, ukiisimamisha kwenye bampa inalizidi paa la gari. Yule mzee akatueleza vizuri kabisa bila haraka. Hivi viredio vidogo vya UHF ambavyo kila gari la porini huku linavyo ni wati 5, vinafika kilomita chache tu basi, ukipita kilima mwenzako hakusikii. Hii ya masafa marefu yenyewe mawimbi yanapanda juu angani, yanagonga tabaka la hewa lenye chaji, yanarudishwa chini mamia au maelfu ya kilomita mbali. Tatizo ni urefu. Kwenye megahezi 5 wimbi moja lina mita 60, antena ya robo wimbi ni mita 15, na hakuna polisi atakuruhusu kutembea na mlingoti wa mita 15 kwenye bampa. Ndo maana mle chini kwenye ile sehemu nene kuna koili na kimota, ukibadilisha chaneli kinajitafutia chenyewe, unakisikia gziii, gziii, tik, mpaka antena fupi ikubali kujifanya ndefu.

"Lakini," mzee akanyanyua kidole, "hiyo ni nusu ya antena. Nusu nyingine ni gari lenyewe." Akatupa mkanda wa shaba uliosukwa, mpana. Akasema pale itakapokaa antena kwaruzeni rangi yote mpaka chuma king'ae, funga mkanda huu toka bampa hadi chesisi, na boneti pia, umeme urudi vizuri, msipofanya hivyo mtaona vituko.

Mimi nilisikia. Papa Shemasi alisikia. Shemeji alikuwa anahesabu hela.

Kuna fundi tulimuulizia bei ya kufunga, Shemeji alivyosikia akashika kichwa akasema kwa hela hiyo anaweza kumleta fundi kutoka Kasulu na nauli juu. Kwa hiyo Jumamosi tukafunga wenyewe uani kwake. Waya wa umeme mnene kautoa moja kwa moja kwenye betri na fyuzi kaweka, hapo nampa maksi zake. Ila kumbuka bampa ilikuwa mpya, kainunua juzi tu, nyeusi ti inang'aa unajiona sura, Papa Shemasi akaja na kipande cha msasa, Shemeji akamdaka mkono hewani. "Papa, unataka kufanya nini?" "Nakwaruza rangi, vile Muzungu alisema." "Hii bampa unajua bei yake?"

Haikukwaruzwa. Bolti zikapigwa juu ya rangi, nati zikakazwa, imesimama wima unaipenda. Ule mkanda wa shaba Shemeji akaufungia mfuniko wa friji la barafu maana ulikuwa hauzibi vizuri. Halafu akaona ile antena ndogo ya UHF iliyokuwa palepale kwenye bampa inaharibu muonekano, akaing'oa. "Ya nini hii ya kilomita tatu."

Tunakuja Jumapili.

Kanisa letu tunapanga ukumbi kwa wazungu, wenyewe wanautumia asubuhi sisi tunaingia mchana, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya kidogo, ibada ni Kiswahili mwanzo mwisho. Shemeji alikuwa kapatana na yule mzee, ambaye anaishi Port Augusta, kama kilomita 300 kutoka hapa, kwamba saa tisa kamili wajaribu kuitana. Na saa tisa kamili tuko ibadani. Shemeji alivyoona matoleo yanapita akajifanya anaenda kupokea simu, katoka. Gari kalipaki wapi? Ukutani, nyuma ya madhabahu kabisa, ufito wa antena unachungulia dirishani ila hakuna aliyeuona kwa sababu ya mapazia.

Mchungaji akapanda kuanza maombi. Akasema tuinue mikono. Kimya kikatanda, kinanda kinapigwa pole pole. Mara spika zote mbili: GZIIIIII.

Kijana wa mitambo akakimbilia vifungo. Ikanyamaza. Mchungaji akaendelea, "Baba tunakuja mbele zako..." na spika nazo zikaanza kuongea. Wadau, sijui niieleze vipi ile sauti. Haikuwa lugha. Ilikuwa kwekwe-kwekwe-kwiii-kwe, bata kabisa, lakini bata anayeongea sentensi, anapumzika kwenye mkato, anauliza swali, anasubiri jibu. Hizi redio ndo zilivyo, zinatuma upande mmoja tu wa wimbi linalobeba sauti, sasa likiingia kwenye nyaya za spika bila mwaliko linatoka limepinda hivyo. Haya nilikuja kuyajua baadae. Muda ule nilikuwa nimeshika kiti cha mbele.

Mchungaji akafungua jicho moja. "Kuna roho humu ndani haitaki tuombe!" Kanisa zima, "Ameeen!" "Nasema TOKA!"

Ikanyamaza papo hapo. Kanisa likalipuka kwa shangwe, mama mmoja akapiga vigelegele. Kumbe mwenzenu huko nje kaachia kitufe anasikiliza kama kajibiwa. Hajajibiwa. Akabonyeza tena.

Kwekwe-kwekwe-kwiii?

"Imerudi!" Mchungaji akavua koti. Sasa hapo ikawa mechi. Mchungaji akikemea, kinanyamaza. Akipumua, kinaanza. Akasema, "Nakuuliza, jina lako nani?" na ile sauti ikajibu kwa kirefu mno, kwe-kwekwe-kwe-kwii-kwekwe, Papa Shemasi karibu yangu akanong'ona, "Mama yangu ee, ni nani iko nasema mule ndani?" Kijana wa mitambo kachomoa nyaya zote za maiki, moja baada ya nyingine, bata bado anaongea. Kachomoa kinanda. Bata anaongea. Watoto wanashangilia, wakubwa wanalia, mke wangu akageuka taratibu akaniangalia, na mimi mdundo ule nikaushtukia: Ha-lo ha-lo ha-lo, moja mbili tatu.

Nikatoka kimyakimya kupitia mlango wa jikoni. Namkuta Shemeji kwenye kiti cha dereva, miwani kapandisha kichwani, maiki kaisogeza mdomoni kabisa maana anaona hasikiki. Na mle ndani Mchungaji keshafika kule kwenye moto, mnajua hatua ile, kanisa zima linaitikia: "Moto! Moto! Ungua! Ungua kwa moto!"

"NIMEUNGUA!" Shemeji akaruka toka kwenye gari kashika mdomo.

Kweli kaungua. Antena isiyo na chesisi nzuri umeme wake wa masafa hauna pa kwenda, unazunguka kwenye bodi la gari, unapanda na waya wa maiki, wewe ukiusogeza mdomo unakuchoma, kidoti cheupe kidogo tu lakini uchungu wake anaujua yeye. "Maiki imening'ata shem! Imening'ata!" Akakimbilia ndani kutafuta maji. Mlango wa karibu ni ule wa pembeni ya madhabahu.

Sasa jifikirie wewe ndo Mchungaji. Umekemea robo saa, umesema ungua, na sekunde hiyo mlango unafunguka anaingia mtu anapiga kelele ameungua.

Walimdaka kabla hajafika kwenye maji. Wazee wanne, mikono kichwani. Shemeji anajitetea lakini mdomo unauma, maneno hayatoki vizuri, "Fi antena... ni antena..." Mchungaji akainama, "Unasema unaitwa nani?" "Antena! Antena!" Mchungaji akasimama wima, akafuta jasho, akanyanyua mkono: "TOKA WEWE ANTENA!"

"TOKAAA!" Kanisa zima. Na mimi nilisema. Ningefanyaje.

Alilazwa chini kwa upendo mkubwa. Baada ya kama dakika kumi aligundua kuwa ukitulia wanakuachia, akatulia. Vile redio nayo ilikuwa imenyamaza moja kwa moja, ushindi ukatangazwa. Jioni yule mzee wa Port Augusta akampigia simu ya kawaida, akasema nilikusikia, sio vizuri sana ila nilikusikia, lakini huko nyuma kulikuwa na umati unapiga kelele, vipi, mko salama?

Mngedhani hapo atakwaruza rangi. Shemeji akakata simu akatugeukia mdomo umevimba: "Si mmeona? Inafanya kazi!"

Tukaondoka na bampa yake inang'aa.

Njia yenyewe sitawachosha, mpaka Marree ni lami na vumbi vikipokezana, karibu kilomita 700 toka nyumbani. Baada ya hapo unavuka ule uzio wa kuzuia mbwa mwitu, wenye urefu wa kilomita zaidi ya 5,000, halafu unapita pembeni ya Kati Thanda, ziwa kubwa kuliko yote Australia, ambalo tulilikuta halina maji. Papa Shemasi aliyezaliwa ufukweni mwa Kivu alisimama akaliangalia lile ziwa la chumvi kwa muda mrefu, akarudi garini akasema tuendelee tu.

Barabara ina vile vituta vidogovidogo mfululizo vinavyotetemesha gari mpaka kope. Ufito wa antena ulikuwa unacheza ngoma yake peke yake, Shemeji akaufunga kamba kuurudisha kwenye keria, na hapo Papa Shemasi akapiga makofi. "Sasa ile ndo kazi yako. Ile unajua." Kimya kizito garini mpaka William Creek, ambako ni hoteli na uwanja wa ndege na vinyumba vichache basi, tukanywa soda tukaondoka.

Kati ya William Creek na Oodnadatta ni kilomita 200 za mawe. Mawe meusi-mekundu madogo yamelala chini, makali. Tairi la kwanza likapasuka, tukabadilisha tunacheka. La pili likapasuka jua linazama, na hapo tukaenda nyuma kuchukua tairi la pili la akiba, tukakuta friji.

"Tairi liko wapi?" nikauliza.

"Friji lilikuwa haliingii," Shemeji akasema.

Wadau, hapo ndo pakawaka moto. Papa Shemasi kafungua madaftari yote toka Kasulu. Kwamba dereva gani anaacha tairi anabeba soda, kwamba hata leseni ana wasiwasi nayo, na Shemeji naye kajibu, kwamba Papa toka tumetoka Adelaide kazi yake kula karanga tu na kusinzia. Nikajaribu kuamulia nikaingizwa na mimi. Tukarusha kila kitu garini kwa hasira, mabegi, mfuko wa unga wa sembe kilo 10 ukatua katikati ya viti, tukakaa mlemle ndani tukigombana maana nje nzi ni wengi kuliko hewa. Tukamalizana na tairi, tukahamia kwenye bampa, tukahamia kwenye harusi ya binti wa Papa ambayo Shemeji hakuchanga, tukafika mpaka kwa Mchungaji na hela za kile kinanda kipya, na hapo wote watatu tukajikuta tunakubaliana, tukamsema kweli kweli, kila mmoja na ushahidi wake. Halafu Shemeji akamkumbusha Papa kitu fulani kuhusu karanga, na Papa Shemasi, mzee wa kanisa, akatoa neno. Kiswahili cha Bukavu kilichochanganywa na kitu kingine. Silirudii. Akalirudia yeye, mara kadhaa, kwa kulipamba.

Njaa ikatushinda. Nikasema mimi nasonga ugali. Nikanyanyua ule mfuko wa sembe.

Chini yake ilikuwepo maiki, imelala kifudifudi, kitufe kimebanwa.

Nilipoinua tu mfuko kitufe kikaachia, na redio, ambayo muda wote ule ilikuwa haiwezi kusikia mtu kwa sababu ilikuwa inatuma, ikaanza kutoa sauti. Kwanza wanaume wa kizungu wawili watatu wamekasirika mno, chaneli yao ya wasafiri imezibwa jioni nzima. Halafu akaingia mwanamke, sauti ya bibi kizee, taratibu, na Kiswahili kimenyooka chenye Udodoma ndani yake:

"Halo, halo. Nyie wenye Land Cruiser. Hamjambo wanangu? Mlikuwa mmebana kitufe."

Sijawahi kuona watu watatu wakanyamaza namna ile. Papa Shemasi kajishika kifua.

Kumbe ni bibi wa Kiaustralia, alikuwa nesi kwenye hospitali ya misheni huko Dodoma enzi hizo, maana Waanglikana wa Australia wamekuwa Dodoma toka miaka ya 1920, sasa kastaafu yupo na mumewe kwenye karavani Longreach, Queensland, karibu kilomita 1,000 kutoka tulipokwama. Wenzake kwenye chaneli walidhani ni kituo cha redio cha nje kimeingilia. Yeye kawaambia hapana, hao ni watu wanagombana, tena tairi hawana, ngoja niwasikilize vizuri. Akaweka chai. Akasikiliza.

"Nimesikia mambo ya tairi," akasema. "Nimempigia simu mtu wa Oodnadatta, kesho asubuhi atawaletea. Mkae na gari, msitembee kwa miguu. Maji mnayo?"

Shemeji akaishika maiki kwa vidole viwili. "Tunayo mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ya kinanda nimeyasikia pia, hayanihusu. Ya harusi, mwanangu, ungechanga hata kidogo." Shemeji kainamisha kichwa kwenye usukani. "Sasa yupo mmoja hapo mnamwita Shemasi."

Papa Shemasi alikuwa anatikisa mikono, hapana hapana, semeni sipo.

"Yupo mama," Shemeji akasema upesi sana.

"Shemasi, lile neno nililisikia zamani kwa dereva wa lori pale Dodoma akaniambia ni jina la samaki. Leo nimejua sio samaki. Njoo kwenye redio ufunge siku kwa sala, tulale salama wote."

Papa wa watu akavua kofia. Akaichukua maiki, akaisogeza karibu mdomoni, akafumba macho, na bana akaomba. Aliomba vizuri mpaka mimi nikasahau ugali. Akaombea tairi, akaombea Queensland, akaombea wale wazungu waliozibiwa chaneli, akaomba radhi kwa midomo ya wanadamu inayoteleza, Bwana ulinde kinywa changu, Bwana uweke mlinzi kwenye midomo yangu, na kila akikolea anaisogeza ile maiki karibu zaidi, karibu zaidi, na bampa nayo iko vilevile, rangi yake safi, haijaguswa na msasa.

Ikamng'ata.

Na lile neno likatoka. Lote, kwa sauti, wati 100, nchi nzima.

Kimya. Halafu yule bibi: "Shemasi!"

Asubuhi jua halijachomoza vizuri nikasikia kwarukwaru, kwarukwaru. Nikatoa kichwa kwenye hema, Shemeji amepiga magoti mbele ya bampa na kisu cha jikoni anakwangua rangi, ule mkanda wa shaba umeshafunguliwa kwenye friji umewekwa begani, na Papa Shemasi amesimama juu yake, mdomo umevimba, haongei, anamuonyesha tu kwa kidole: na hapa. Na hapa pia.